Pete ya Mkono wa Kushoto

"Ya kushoto!" alisema Mama Bialluch na kutua ndoo kwa kishindo. "Kwenye ile picha pete iko mkono wa kushoto. Nimesimama pale dirishani pa duka mpaka pua ikagusa kioo."

"Pua yako hufika kila mahali kabla yako," alijibu Mama Gritzan huku akiendelea kupiga pampu. "Basi iulize kama inajua kushoto na kulia."

"Cheka, we cheka tu. Mke mwenye mume huvaa kulia. Mama yangu alivaa kulia, wako alivaa kulia, mke wa Kaizari mwenyewe anavaa kulia. Kushoto ni kwa nani?"

"Kwa mchumba."

"Na kwa nani mwingine?"

Mama Gritzan aliuachia mpini. Maji yalitiririka kidogo, yakakatika. "Kwa mjane aliyekwisha kukubali kwamba mumewe hayupo," alisema, sauti imeshuka.

"Haya! Chagua mwenyewe. Ama Regine kapata bwana mwingine, ama kamzika mumewe Gottlieb bila kumwambia mama mkwe wake. Hakuna la tatu."

"La tatu ni kwamba mchoraji alikosea."

"Mtu achore kila mshono wa suruali, achore mnyororo kiungo kwa kiungo, halafu akosee mkono? Wewe nawe!"

Regine Sadlowski alikuwa amekwisha kufika na ndoo zake mbili. Wale wawili walinyamaza, kimya kile cha watu ambao midomo bado imebaki wazi. Safu yetu nzima ya nyumba ilichota maji kwenye pampu moja, na hakuna neno lililoingia safu ile bila kupitia pale kwanza.

"Umeamkaje, Regine?"

"Vizuri."

"Umelala?"

"Nimelala."

Tulijua sote amelala wapi. Alilala banda la kufulia, nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na mbuzi.

Mama Bialluch hakuweza kujizuia, hajawahi kuweza. "Hebu nyoosha mkono, mwenzangu. Huo wa kulia."

Regine aliweka ndoo chini, akanyoosha mkono kama mtoto anayekaguliwa kucha. Pete ilikuwepo. Ilikuwa imezama katika kidole kilichovimba kwa maji ya magadi, kama waya uliofungwa kwenye mti ukiwa mchanga, mti ukakua ukaumeza.

"Si hiyo hapo!" alisema Mama Gritzan.

"Leo iko hapo," alisema Mama Bialluch.

Regine aliurudisha mkono. Alijaza ndoo zake akaondoka, na wala hakutembea kama mtu aliyekasirika. Angekasirika, tungejua la kufanya.

Majira ya baridi yaliyopita shimo letu la makaa ya mawe lilishika moto, zamu nzima ikiwa chini. Waliowahi kupanda walipanda. Kisha wakubwa wa Kampuni wakakaa kikao, wakaamuru maji yafunguliwe, kwa maana moto ungekula makaa yote. Mto ukaelekezwa shimoni. Waliobaki wakabaki. Hakukuwa na majeneza wala makaburi. Mchungaji aliombea nyasi za kando ya uzio, na sisi tukasema amina kwa nyasi.

Tangu hapo wanawake wa safu zetu wakagawanyika. Wako waliovaa nyeusi na kuhamishia pete mkono wa kushoto. Na wako waliosema, mpaka nimwone. Kiongozi wa hawa wa pili alikuwa Mama Sadlowski, mama mkwe wa Regine. Ukimuuliza habari za mwanawe Gottlieb, alikujibu bila kupepesa macho: "Yuko kazini."

Regine alikuwa upande gani? Hakuna aliyejua, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Hakulia siku ile ya moto na hakulia baadaye. Kuna siku unalalia mkono wako, unaamka unaukuta haupo, unaushika kwa ule mwingine kama nyama ya mtu mwingine, unangoja sisimizi waanze kutambaa ndani yake. Regine aliishi hivyo mzima mzima, na sisimizi hawakuja.

Ndiyo maana alikubali kazi ambayo wengine waliikataa. Pale mgodini kuna ukumbi wa kubadilishia nguo, mrefu kama kanisa. Mchimbaji akifika hutundika nguo zake za nyumbani kwenye kulabu, huvuta mnyororo, nguo zikapanda hadi darini, akaufunga mnyororo kwa kufuli akashuka shimoni. Baada ya moto nguo zilikuwa bado zinaning'inia kule juu, suruali na makoti, viatu vimefungwa chini yake kwa kamba. Wakubwa waliihitaji minyororo kwa ajili ya wanaume wapya. Wakatafuta mwanamke wa kuziteremsha, kuzifua, kuzikunja na kuwakabidhi jamaa za wenyewe.

"Mimi ningekwenda kuomba kanisani kwanza," alisema Mama Bialluch wakati ule.

Regine alikwenda. Alifungua kufuli, akavuta, kapi likalia, na mwanaume asiye na kichwa akashuka polepole, viatu vikitangulia. Alitoa vilivyomo mifukoni, tumbaku, kipande cha mkate, kitana. Alikung'uta vumbi. Aliloweka kwenye magadi, akasugua kwenye ubao wenye mifereji mpaka vifundo vikachunika, akasuuza, akakamua, akaanika. Mama mkwe wake alimpa sharti moja tu: "Za Gottlieb usiziguse. Akipanda atavaa nini?"

Ni humo ukumbini Bi Vollrath alimkuta. Alikuwa mchoraji kutoka mjini, mwanamke mrefu mwenye kofia isiyo na unyoya hata mmoja, jambo lililotupa maneno ya wiki nzima. Alikalia ndoo iliyofudikizwa, akaweka mapajani bamba la shaba lililopakwa nta nyeusi, akawa analikwaruza kwa sindano.

"Nikae vipi?" aliuliza Regine.

"Usikae. Fanya kazi yako."

Regine alimpenda kwa hilo. Mgeni hakumuuliza anajisikiaje.

Picha ilipokamilika ikatundikwa kwenye dirisha la duka la fremu, Mtaa wa Stesheni, na safu nzima ikaenda kuitazama. Mama Sadlowski alikwenda Jumamosi kununua uzi. Alirudi bila uzi. Hakupiga kelele. Alikunja godoro la Regine, akalibeba kifuani mpaka banda la kufulia, akalitupa sakafuni.

"Mke wa mwanangu hulala humu ndani," alisema aliporudi mlangoni. "Wewe sikujui."

Emil, mdogo wake Gottlieb, ndiye aliyekuwa na kazi katika mgodi wa jirani, na nyumba ilikuwa kwa jina lake. Lakini mbele ya mama yake Emil hakuwa na jina. Aliinamia supu yake akaitazama kama kuna kitu kimezama ndani.

Regine na Gottlieb hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo kamba iliyomfunga Regine na nyumba ile ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chini ya maji. Kama Gottlieb yuko kazini, Regine ni mke wa mtu na ana kitanda. Kama hayuko, ni mwanamke wa kutoka mbali, hana mtu hapa, na nyumba za Kampuni hazikai watu wa namna hiyo. Angerudi wapi? Wazazi wake walikwisha kufa huko mashariki. Mama Gritzan alimwambia aende akapige magoti mbele ya mama mkwe wake. Regine akasema ndiyo, kisha akaenda kumkamua mbuzi.

Jumapili baada ya ibada tuliambiwa tusiondoke. Chama cha wapenda sanaa cha mjini kilikuwa kimemleta msomi, Daktari Hasselbring, atufafanulie picha iliyochorwa kwetu. Ikawekwa kwenye kigoda kirefu katika ukumbi wa kanisa, chini ya Kaizari aliyening'inia ukutani na masharubu yake. Tulijaa. Nani angebaki nyumbani? Mama Sadlowski alibaki.

Regine alikaa mwisho karibu na mlango. Hakuwa ameiona. Sasa aliiona.

Ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiria, nyeusi juu na nyeupe chini, kama mtu aliyemwaga usiku kutoka darini ukakwama katikati. Juu walining'inia wanaume wa nguo tupu, wengi, mpaka pembeni kabisa walipogeuka mikwaruzo. Mmoja alikuwa akishuka. Chini yake alisimama mwanamke, aproni imelowa imemgandia tumboni, shingo imeinama, mkono mmoja umenyooka juu kwenye mnyororo. Uso ulikuwa mistari michache tu. Lakini mwanamke yule hakuwa anangoja. Regine aliliona hilo kabla hajaiona pete. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kujua.

"Litazameni umbo la mwanamke," alisema Daktari Hasselbring, kijiti mkononi. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua. "Msidhani ni mwanamke huyu au yule. Huyu ni Dunia mwenyewe, mama anayezaa na kuwala wanawe."

"Kamwita Regine mla watu," alinong'ona Mama Gritzan.

"Shh!"

"Tumbo hili, mabibi na mabwana, limejaa na ni tupu papo hapo. Ndoo hii miguuni ni chombo cha machozi. Na nguo hizi, je, zinapaa au zinashuka? Msanii hasemi. Ni roho zilizo kati ya mbingu na shimo." Alipenga kamasi kwa adabu. "Sasa, mkono. Ni mkono wa kushoto, upande wa moyo. Na angalieni, katika giza lote hili, doa moja la mwanga: pete. Kwa pete hii mwanamke anafunga agano. Ameolewa na kifo."

Ukumbi ulivuma kama mzinga uliopigwa teke. Mama Bialluch alisimama, kofia imekaa upande.

"Mheshimiwa, samahani. Ameolewa, au amechumbiwa tu? Maana kwetu kushoto na kulia si jambo dogo, na mwenzetu analala na mbuzi kwa ajili hiyo."

Watu walicheka, kisha wakaona aibu, wakageuka wote kumtafuta Regine. Yeye alikuwa akiitazama mikono yake. Pete ilikuwa kulia. Aliigusa. Halafu akakigusa kidole kitupu cha mkono wa kushoto, na hapo, kwenye ncha kabisa, akahisi kitu. Kidogo mno, kama nywele.

Bi Vollrath alikuwa amekaa safu ya mbele. Alisimama taratibu, uso umemwiva. "Analala wapi?"

Akaelezwa na watu kumi kwa pamoja. Alisikiliza, akaweka kiganja kinywani.

"Mimi sijaolewa," alisema hatimaye. "Pete sikuifikiria. Niliona inang'aa, nikaikwaruza." Akajaribu kueleza: lile bamba la shaba huingizwa katika tindikali, tindikali ikala pale sindano ilipopita, mle mashimoni ukaingia wino, kisha bamba likalazwa juu ya karatasi na kubanwa mashineni. "Karatasi hupokea uso kwa uso. Inageuka. Kulia kunakuwa kushoto. Wengine huchora kinyume tangu mwanzo ili itoke sawa. Mimi nilikuwa na haraka, nilikuwa naogopa ataacha kuvuta."

"Kwa hiyo alivutia mkono wa kulia?" aliuliza Mama Gritzan.

"Wa kulia. Wenye pete."

"Nilisema! Nilisema pampuni!" Mama Gritzan alimpiga Mama Bialluch begani. "La tatu!"

"Hata hivyo," alianza Daktari Hasselbring, "mkono wa msanii wakati mwingine hujua..."

Lakini hakuna aliyebaki kumsikiliza. Viti vilikuwa vimekwisha kusogezwa. Safu yetu ikiwa na habari njema haijui kutembea; tulikimbia, makoti wazi, Bi Vollrath katikati ameshikwa mikono yote miwili kama mwizi, na Regine akisukumwa mbele na watu waliokuwa wakimpongeza kana kwamba kajifungua.

Mama Sadlowski alitoka mlangoni na kijiko cha kukorogea. Harufu ya kabichi chachu ikatoka naye. Alitutazama, alimtazama mgeni wa kofia kavu, hakumtazama Regine.

"Mmeleta harusi au matanga?"

"Tumeleta ukweli!" alisema Mama Bialluch, ambaye tayari aliuona ukweli ule kuwa wake. "Picha imegeuka, mama! Mashine ndiyo iliyoihamisha pete!"

"Mashine."

"Inua mkono wa kulia, mama, tafadhali," alisema Bi Vollrath. "Jitazame kwenye kioo cha dirisha lako."

Mama Sadlowski hakupenda kuamrishwa, lakini kulikuwa na watu. Aliinua mkono wenye kijiko. Ndani ya kioo bibi kizee mwingine aliinua kijiko.

"Huyo wa kioo ameshikia mkono upi?"

Mama Sadlowski alitazama. Aliushusha mkono, akauinua tena. Tulimwona akihesabu moyoni, huku ni kwangu, huku ni kwake. Kijiko kikadondosha tone la mchuzi kwenye kizingiti.

"Kushoto," alisema.

"Ndivyo na karatasi."

Kisha kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alimgeukia mkwewe. "Basi hukuihamisha."

"Sikuihamisha, Mama."

"Na hukumwambia huyu kwamba Gottlieb amekufa."

"Sikumwambia lolote."

"Basi yuko kazini."

Aliyasema hayo kwa sauti yake ile ile ya kila siku, ila uso ulikuwa umemwacha. Alikuwa ananyoosha uso kama ombaomba anavyonyoosha bakuli. Mama Gritzan alimfinya Regine kiunoni. Neno moja tu lilihitajika, ndiyo, na godoro lingerudi ndani kabla kabichi haijapoa.

Regine alifungua mdomo. Sisimizi walikuwa wamefika kiwikoni.

"Hayuko kazini, Mama," alisema.

Mbuzi alilia bandani.

"Zile nguo zinazoshuka pichani ni zake," alisema Regine. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Uliniambia nisiziguse. Nilizifikia, nikafungua kufuli, nikavuta. Bi Vollrath hakujua ni za nani. Nimezifua. Ziko kule kwenye banda, nimezikunja."

Bi Vollrath alitaka kusema kitu, Mama Bialluch akamkanyaga mguu. Ni jambo la pekee la busara nililowahi kumwona Mama Bialluch akilifanya.

Mama Sadlowski alikuwa akikitazama kijiko.

"Kile kiraka cha goti," alisema. "Kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Kilishika? Nilikishona na uzi mbaya."

"Kilishika, Mama. Nilisugua na hakikuachia."

"Mfukoni?"

"Kitana. Na mkate kidogo, upande wa ganda."

"Hakupenda ganda," alisema Mama Sadlowski. "Ananidanganya kila siku kwamba amelila." Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakisimama hewani, akayarudia polepole, akiyapinda. "Alikuwa ananidanganya."

Hapo watu walianza kuondoka. Si kwamba walifukuzwa. Mmoja alikumbuka sufuria, mwingine mtoto, na hata Mama Gritzan, ambaye hajawahi kuacha jambo nusu, alimshika Bi Vollrath mkono akamwambia, njoo, mchoraji, kwangu kuna kahawa, ni ya shayiri lakini ni ya moto. Uani wakabaki wawili, mmoja juu ya kizingiti na mwingine chini yake.

"Sasa mimi si mama mkwe wa mtu," alisema Mama Sadlowski.

"Sijui, Mama."

"Bado unaniita Mama."

"Nikuite nani?"

Bibi kizee alishuka kizingiti kwa mguu mmoja, akauchukua mkono wa kulia wa Regine, akaugeuza kama anakagua samaki. Alijaribu kuizungusha pete kwa kidole gumba. Haikuzunguka.

"Hii haitoki hata ukitaka."

"Haitoki."

"Inauma?"

Regine alifikiri. Alitaka kujibu kweli. "Imeanza," alisema.

Mama Sadlowski aliuachia mkono, akaingia ndani. Regine alisikia kifuniko kikiwekwa pembeni, kiti kikiburutwa, sauti ya Emil ikiuliza kitu na kunyamazishwa. Alibaki pale pale. Hakujua kama miguu yake ilikuwa ya kwenda ndani au ya kwenda bandani, wala hakujua kama angeihisi ikienda. Ubaridi ulikuwa ukipanda kutoka ardhini, na chini ya ardhi ile, mbali sana, palikuwa na maji.

Mlango ulisukumwa kwa mguu. Mama Sadlowski alikuwa ameshika chungu kwa mikono miwili, mvuke unampanda usoni mpaka haonekani vizuri, unatoka nje, unapotelea uani.

"Ingia, Regine," alisema kutoka ndani ya mvuke. "Ingia ule. Nimeshikilia mlango."